Betri za Majirani wa Gihosha

Juzi nilipeleka simu ya mjukuu wangu kwa kijana mmoja anayetengeneza simu kando ya soko. Alipogusisha chuma chake cha moto kwenye risasi ya kulehemia, moshi mwembamba ulipanda, wenye harufu ya utomvu na vumbi lililoungua, nami nikajikuta nimeshika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili.

"Mama, muko sawa?" akaniuliza.

"Niko sawa, mwanangu. Endelea na kazi."

Sikumwambia zaidi, maana angeniona mzee aliyechanganyikiwa. Lakini ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, mliosikiliza redio kwa kuinyamazia na kuokoa betri kama watu wanavyookoa chumvi, ninyi nitawaambia. Harufu ile ilikuwa harufu ya chumba cha Muzee Zakaria, jirani yetu kule Gihosha, mtaa wa kilimani juu ya Bujumbura, na ndani ya chumba kile nilijifunza kuomba. Nasema hivyo nikijua kwamba nimelelewa kanisani na kufundisha Biblia kwa miaka mingi. Kanisani nilijifunza maneno ya kuomba. Kwa Muzee Zakaria nilijifunza kungoja.

Alikuwa Mkatoliki mpole, mstaafu wa posta, aliyefanya kazi ya telegrafu tangu ujana wake. Alipostaafu hakuweza kuacha. Akaunda mtambo wake kwa mikono yake, ndani ya sanduku la mbao lililowahi kubeba sabuni, akavuta waya mrefu kutoka dirishani mpaka juu ya mnazi. Haikuwa redio ya kusikiliza tu, ilikuwa ya kuzungumza, kwa kugonga herufi kama za telegrafu. Serikali ilimpa kibali chenye muhuri, alichokitundika ukutani karibu na rozari yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa namna yake wako dunia nzima, wanaitana hewani bila mshahara, kwa mapenzi tu. Wakati ule sikujua. Nilichokiona mimi, nikichungulia dirishani, ni mzee aliyefumba macho, amevaa ekuteri, vile vikombe viwili vyeusi vya kusikilizia, huku vidole viwili vikigonga kibonyezo cha shaba: ti-ti-taa, ti-taa. Kisha anatulia. Kisha anatabasamu peke yake, anachukua penseli na kuandika.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitufundisha kwamba Mungu haonekani, kwamba husema na watumishi wake kwa sauti ndogo, na kwamba mtu akitaka kumsikia afumbe macho. Nilimwuliza Nyogokuru, bibi yangu mzaa mama, Muzee Zakaria anaongea na nani. Nyogokuru alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Anaongea na wale asiowaona."

Basi. Kwangu jambo lilikuwa limekwisha kuelezwa. Jirani yetu alikuwa nabii, na Mungu alimjibu kwa kugonga. Kwa hiyo nilimpita kwa heshima na kwa hofu. Mtoto mwenye makosa hapendi kukaa karibu na mtu anayeambiwa mambo yote.

Na makosa nilikuwa nayo. Baba yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mama ndiye aliyetulisha, kwa kuuza vitenge na sabuni upande wa Uvira, kule Kongo. Alhamisi moja aliondoka alfajiri, apite Gatumba, avuke mpaka, auze, arudi jioni. Alipotoka nikasema nitamfurahisha. Nikawasha pasi ya makaa, nikatandaza gauni lake la kanisani, lile moja la buluu lenye kola nyeupe, nikaliunguza kifuani, alama nzima ya pasi, kama muhuri. Nililikunja, nikalificha chini ya godoro, nikapiga magoti hapo hapo. Sikuomba msamaha. Niliomba hivi: "Bwana, mama achelewe."

Mchana mvua ikaja. Haikuanza kwa matone, ilianza kwa giza. Milima ya Kongo, ambayo kutoka kwetu huonekana ng'ambo ya bonde la Ruzizi, ilifutika, kisha ziwa likafutika, kisha mji. Upepo ulipanda kilima ukibeba mabati kama karatasi. Nguzo ya umeme ya njia yetu ililala polepole juu ya ua, kama mtu aliyechoka. Maji yalishuka mtaroni yakiwa na kuku, ndoo, na mlango mzima wa mtu. Niliketi juu ya godoro, juu ya lile gauni, nikaziba masikio. Nilijua ni mimi.

Jioni mama hakurudi. Ijumaa asubuhi hapakuwa na umeme wala simu mahali popote, na kutoka kilimani tuliona bonde lote la Gatumba linang'aa, mahali palipokuwa barabara pamekuwa ziwa jingine. Kijana mmoja wa baiskeli aliyeponea huko alileta habari: kamyoneti, gari dogo la mizigo, iliyobeba akina mama wa soko kutoka Uvira ilisombwa na maji jana jioni. Wengine walitoka. Wengine hawajaonekana. Majina hakuyajua.

Nyogokuru hakulia. Alijifunga kitenge cha pili, akanishika mkono, akaenda moja kwa moja kwa Muzee Zakaria.

"Muzee, wale watu wako usiowaona. Kuna mmoja upande wa Uvira?"

"Yuko, mama. Bruda mumoja wa misheni, fundi wa jenereta."

"Mwite."

Alimwita Ijumaa nzima. Mtambo ulikula betri ya gari iliyowekwa chini ya meza, na kila alipogonga, taa ndogo nyekundu kwenye sanduku ilififia kidogo zaidi. Jioni ikazimika. Hakuna aliyejibu.

"Labda naye hana umeme," alisema, akivua ekuteri. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Lakini tuko na ahadi, mi na yeye. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana hewani, miaka yote hii hajakosa. Kama iko hai, kesho saa nne atakaa mezani. Shida ni mi. Sina kitu cha kuitia."

"Unahitaji nini?"

"Batiri. Hata zile ndogo za posti, za redio hizi za nyumbani. Lakini nyingi."

Ndivyo Jumamosi ilivyoanza: Nyogokuru mbele na beseni la bati, mimi nyuma, nyumba kwa nyumba. Mnajua betri zilikuwa nini siku zile. Bila umeme, redio ya betri ndiyo ilikuwa sikio la mtaa mzima, na watu wote walikuwa wanangoja matangazo ya vifo ili wajue dhoruba imechukua nani. Hata hivyo walifungua redio zao, wakafungua tochi zao, wakazitia betri ndani ya beseni. Wengine walizibusu kwanza kwa utani. Mmoja tu alisita, Baba Dezire, aliyelala na redio yake kifuani kama mtoto mchanga.

"Nyogokuru, mi nikitoa hizi, nani ataniambia nani amekufa?"

"Ukizitoa, labda kuna mumoja hatatangazwa."

Baba Dezire alimtazama, akanitazama mimi, akafungua mgongo wa redio kwa kucha. Betri zilikuwa bado na joto la mwili wake. Akazifuata mwenyewe mpaka kwa Muzee Zakaria, eti kuhakikisha hazipotei.

Sijawahi kuona kazi ifanywe kwa adabu namna ile. Muzee alichukua kila betri, akaigusisha kwenye kibalbu cha tochi. Iliyowaka vizuri aliiweka kulia. Iliyofifia aliiweka kushoto, juu ya kifuniko cha sufuria, pembeni mwa jiko la makaa, ipate joto. "Siyo ndani ya moto, mama! Pembeni. Ikipata joto inafufuka kidogo. Na musizichanganye, mbovu itanyonya nzima." Alikuwa amepasua mianzi mitatu katikati, na ndani ya kila mfereji wa mwanzi akapanga betri nane, kichwa cha moja kikigusa matako ya nyingine, akazibana kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilipoziona zimepangwa hivyo, za tochi na za redio, mpya na zilizochubuka, nilifikiri ni sadaka, na kwamba ndani ya kila moja mna sauti ya nyumba iliyoitoa. Muzee alipokuwa analehemu nyaya kwenye ncha za mianzi, ule moshi ulipanda. Nikasema moyoni, huu ndio uvumba.

Ilipokaribia saa nne chumba kilijaa. Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Rebeka, kiongozi wa chumba chetu cha maombi, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka kilima, pamoja na akina mama wake kumi na kitu. Mkononi alikuwa na betri nne mpya za kipaza sauti cha kwaya, bado zimo ndani ya karatasi yake.

"Shika, Muzee. We na nyuzi zako! Sisi tunaitaga bila batiri."

"Ita, mama. Na mi niite. Atakayejibiwa mbele amuambie mwenzake."

Watu wakacheka, hata Nyogokuru. Kicheko kile kilikuwa chembamba, nacho kikaisha upesi, kwa sababu taa nyekundu ilikuwa imewaka.

Muzee alitazama saa yake, akajifanyia ishara ya msalaba, akaanza kugonga. Ti-ti-taa. Akatulia. Akagonga tena. Nyuma yake Mama Rebeka alianza kuomba, na ninyi mnajua kuomba kwetu: mmoja anaanza, wote wanaitikia, kila mtu na maneno yake, mikono juu, machozi, jina la mama yangu likirushwa huku na huku. Nilifarijika. Nikafikiri, sauti zikiwa nyingi zitasukuma zile ti-ti-taa zifike mbali. Nami nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Bwana! Bwana!" nikijua kwamba Bwana anajua kwa nini ninapiga kelele.

Muzee alikandamiza ekuteri kwa viganja. Akainama mpaka paji la uso likagusa sanduku. Penseli haikuandika kitu. Kila akigonga, taa inafifia. Ghafla akasimama. Mtu huyu hakuwahi kuinua sauti mbele ya mtu yeyote, lakini aliinua mkono.

"Mama Rebeka! Mungu anawasikia. Mi ndiye sisikii."

Palikuwa na mshtuko. Mama Rebeka alibaki na mdomo wazi na mikono juu. Nilidhani atamkemea. Alimtazama, akazitazama betri za kwaya yake ndani ya mwanzi, kisha akashusha mikono polepole, akaweka kidole mdomoni, akawageukia wenzake.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza ule ukimya. Walokole ishirini ndani ya chumba kimoja, wakiomba bila sauti. Sikuwahi kuuona. Midomo ilitikisika. Chozi la mtu lilidondoka sakafuni, nikalisikia, au nilifikiri nimelisikia. Nje maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ya ndizi, na mbali zaidi ziwa. Nilihisi chumba kimekuwa kikubwa, hakina kuta, na kwamba kuna Mtu ameinama juu yetu kusikiliza, naye pia amenyamaza. Nimeingia makanisa makubwa tangu siku ile. Nimekuwapo kwenye mikutano ya maelfu. Sijapata tena kuogopa kwa utamu namna ile.

Penseli ikaanza kwenda.

"Ananisikia," Muzee alinong'ona. "Kidogo sana, lakini ananisikia."

Akagonga jina la mama yangu. Akaandika. "Anasema ngoja. Kuna akina mama wa Bujumbura wamelala ndani ya kanisa lao. Ametuma mutu akaulize." Akakata mtambo ili kuokoa nguvu, akachomoa mwanzi mmoja, akaurudisha karibu na jiko. Hakuna aliyekohoa. Baba Dezire alipepea makaa kwa kofia yake. Mimi nilijificha ndani ya kitenge cha Nyogokuru, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo: jibu likija, litakuja na habari zangu. Aliye juu hatasema habari za mama na kuacha habari za gauni.

Muzee aliwasha tena. Aliandika muda mrefu. Kisha akasoma, akifuata kwa kidole.

"Mama Furaha iko. Iko muzima. Ameumia muguu, siyo sana." Nyogokuru alikaa chini sakafuni, pwaa, kama gunia. Muzee aliendelea, na uso wake ukakunjamana kwa kushangaa. "Anauliza... anauliza kama nguo zake zilianuliwa kabla ya mvua."

"Ni mi!" Nilitoka ndani ya kitenge nikilia kwa sauti yote. "Ni mi niliunguza! Kwa pasi! Mumuambie Mungu nisamehewe!"

Wote walinigeukia. Kisha Baba Dezire, aliyekuwa analia, akaanza kucheka. "Nguo za kwenye kamba, we mutoto! Ambieni Mama Furaha nguo zake ziko Kajaga, kule ziwani, samaki wanazivaa!" Hapo ndipo nyumba ilipolipuka. Walicheka, waliimba, walikumbatiana, kwa sababu hapakuwa tena na shaka: mwanamke aliyetoka kwenye gharika na kuuliza habari za nguo za kwenye kamba hawezi kuwa mwingine ila mama yangu.

Muzee Zakaria aliniita kwa kidole. Hakucheka. "Furaha, kuja. Nani alikuambia ni Mungu?"

Akanivalisha ekuteri. Zilikuwa nzito, na moto, na ndani yake palikuwa na mvumo kama wa mvua iliyo mbali sana. Halafu, chini ya mvumo ule, nyembamba kama mlio wa senene, nikasikia: ti, ti, taa.

"Huyo ni Bruda," akasema. "Matope mpaka kwenye magoti, nadhani. Ana kibonyezo kama hiki. Anakigonga kwa mukono, hivi."

Mngetegemea nivunjike moyo, kwamba nabii wangu alikuwa fundi wa posta, na Mungu wake mtu mwenye matope. Haikuwa hivyo. Nilitazama dirishani, upande wa milima ya Kongo, na mwili ukanisisimka wote. Kwamba mtu aliye ng'ambo ya maji yale yote amekaa mezani saa nne kwa sababu aliahidi. Kwamba majirani wamenyamaza na kutoa betri zao. Kwamba kati ya vitu hivyo vidogo sauti ya mama imepita. Kama lingekuwa jibu kutoka mawinguni ningeogopa tu. Lililotoka kwa Bruda lilinifanya niabudu.

Mama alirudi Jumanne, akichechemea. Gauni aliliona, sitasema nilichapwa mara ngapi. Ndipo akatusimulia kwamba alikuwa na nafasi yake katika kamyoneti ile, lakini mteja mmoja alimchelewesha, akaikosa kwa hatua chache, akateleza kwenye matope akiikimbilia na kuumiza mguu. Wanawake wawili waliokuwa ndani yake hawakupatikana. Kwa miaka mingi nimelibeba jambo hilo mbele za Bwana. Niliomba mama achelewe, akachelewa. Lakini na watoto wa wale wawili waliomba, tena waliomba vizuri kuliko mimi. Wanafunzi wangu wa Biblia waliwahi kuniuliza juu ya mambo ya namna hii, nami niliwaambia ukweli, kwamba sijui. Nashukuru, na sijui.

Ninachokijua ni namna asubuhi ile ilivyokwisha. Watu walikuwa wametoka nje kuimba, wakiongozwa na Mama Rebeka kwa sauti yake yote, aliyokuwa ameizuia kwa zaidi ya saa nzima. Ndani nilibaki mimi na Muzee. Betri zilikuwa zimefika mwisho. Taa nyekundu ilikuwa kama kaa la sigara. Akanivua ekuteri taratibu, akashika kibonyezo, akaanza kumwandikia Bruda asante. Aligonga herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akinitajia kila moja. Katikati ya neno, taa ikazimika. Sanduku likawa sanduku tu.

Yeye aliendelea kugonga, shaba juu ya shaba, tik, tik, tak, bila haraka, mpaka herufi ya mwisho.

"Muzee, imekatika," nikamwambia. "Hasikii tena."

"Najua," akasema, akiondoa kidole. "Lakini asante ilikuwa bado haijaisha."